Herufi Tulizozichana



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, kila sifa njema ni ya Allah (Subhaanahu wa Ta'ala). Leo tunataka kukiri kosa letu, na kueleza habari za mtu aliyetuzindua.

Katika madrasa yetu hapa Buyenzi, Bujumbura, kuna kijana wa miaka kumi na miwili. Siku moja, katika somo la hati, tuliwaambia wanafunzi waandike herufi kuanzia alif mpaka yaa. Yeye akaivuta laam mpaka ikawa mtende. Nuun akaigeuza mtumbwi, na nukta yake ikawa mwezi. Tulikasirika. Tukaichana karatasi mbele ya wenzake, tukamwambia herufi za Qur'ani si za kuchezea. Wiki iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Mwenzetu mmoja aliyesoma Khartoum alipoyasikia hayo alituuliza: "Je, mnamjua Ibrahim El-Salahi?" Hatukumjua. Basi tukaanza kusoma habari zake.

El-Salahi alizaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Baba yake alikuwa na chuo cha Qur'ani nyumbani, na hapo ndipo alipojifunza kusoma na kuandika. Mwaka 1954 alikwenda London kusomea uchoraji katika Slade School, akarudi mwaka 1957. Alipoonyesha picha zake Khartoum, watu walikuja siku ya ufunguzi, kisha hawakurudi tena. Hakuwalaumu. Aliweka brashi chini kwa muda, akazunguka nchi kutazama watu wa kawaida wanapamba vitu vyao namna gani. Akakuta mikeka, vikapu, na maandishi ya Kiarabu katika kuta za nyumba.

Akaanza kuandika herufi ndogo pembeni mwa picha zake, na watu wakasogea. Akazieneza picha nzima. Kisha akazivunja, na katika vipande vyake akaona maumbo ya mimea, wanyama na watu. Ndiyo njia ya baadhi ya wachoraji wa sanaa dhahania: hawaanzi na kitu wanachokiiga, bali wanaanza na mstari na kuufuata.

Mwaka 1975 alifungwa miezi sita katika gereza la Kober, Khartoum, bila kushitakiwa. Kuchora kulikuwa marufuku. Alichora kwa siri katika vijipande vya karatasi, akavifukia mchangani. Baadaye akawa anaanza na kipande kimoja kama mbegu, kisha anaongeza kingine na kingine, bila kujua picha itaishia wapi. Picha yake kubwa ya wino iitwayo The Inevitable, ya miaka ya 1984 na 1985, ina vipande tisa. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern, London, lilifanya maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba kila kitu ni sawa. Kuhusu picha za viumbe wenye roho, wanazuoni wana maneno yao, na aya ya Qur'ani ina heshima yake. Lakini kijana yule hakuandika aya. Aliandika herufi tulizomfundisha sisi, akazipenda kuliko tulivyotarajia. Tulidhani tunailinda dini, kumbe tulikuwa tunazitetea hasira zetu.

Tulikwenda kwao baada ya Alasiri, tukamuomba radhi mbele ya wazazi wake. Baba yake alinyamaza. Kijana akaingia chumbani, akatoka na ile karatasi. Alikuwa ameviokota vipande vyote siku ile na kuviunganisha kwa gundi. Tulishindwa kusema neno.

Alhamdulillah, Jumamosi alirudi darasani. Sasa ana madaftari mawili: moja la hati, ambalo tunalisahihisha kwa ukali kama kawaida, na jingine ni lake mwenyewe. Hilo hatulifungui mpaka atuonyeshe.

Nasaha yetu kwa wazazi na walimu wenzetu ni fupi: kabla ya kuchana, muulizeni mtoto amechora nini. Tunamuomba Allah atusamehe pale tulipokosea na awahifadhi watoto wetu. Aamin.