Radhi ya Msafiri

Msomaji wangu, yamkini siku moja nawe utaitwa na kazi au elimu uende nchi ya mbali. Siku hiyo utaambiwa mengi juu ya pasipoti, viza na nguo za baridi. Nisikilize mimi juu ya jambo moja lisiloandikwa katika orodha hizo.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Lamu. Mji wetu wa mawe ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa ajili ya ukale wake. Lakini sisi wenyeji twaujua zaidi kwa wembamba wa vichochoro vyake. Punda mwenye mzigo akipita, watu hujibanza ukutani. Katika mji kama huo huwezi kumkwepa mtu.

Nilipopata nafasi ya kwenda Marekani kwa miezi tisa, kujizoeza kazi kwa kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja, habari zilifika Langoni kabla mimi sijatoka Mkomani. Mama alikaanga visheti. Jirani mmoja alileta achari ya maembe, mwingine kofia aliyoishona kwa mkono wake. Sanduku langu liliruhusiwa kilo 23, nalo likajaa mapema.

Kwetu msafiri haondoki bila kuomba radhi. Kwa siku tatu nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikisema, "Ikiwa nimekukosea, nisamehe." Maneno hayo yalikuwa mepesi kinywani, maana hayakutaja kosa lolote. Ila mlango mmoja niliupita mara mbili bila kubisha hodi.

Miaka minane kabla ya hapo, nalimtuhumu mwanafunzi wangu mbele ya darasa kuwa ameiba fedha za safari ya wanafunzi. Muhula ule ule aliacha shule. Baadaye nilizikuta fedha zile ndani ya daftari langu mwenyewe. Nikazirudisha kwa siri, nikanyamaza. Sasa kijana yule ni nahodha wa mashua ya kuvusha abiria. Mamaye, auzaye mahamri mtaani petu, hunisalimu kwa heshima kila asubuhi.

Usiku wa mwisho nilimfuata kijana gatini. Upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu, naye alikuwa akikaza kamba. Nikamweleza yote. Hakuacha kazi yake. Akasema, "Mwalimu, mji huu hauna siri. Nilijua kuwa fedha zilirudi. Nalikuwa nikikungoja." Kisha akaongeza, "Mimi nimekusamehe. Lakini mama yangu aliitwa mama wa mwizi mbele ya watu. Kamwombe radhi mbele ya watu."

Kulipokucha nilisimama penye karai la mahamri, nikasema kosa langu kwa sauti. Wanunuzi walinyamaza. Mama yule alijifuta machozi kwa leso, akanifungia mahamri manne, akakataa malipo. Mwanawe akanivusha hadi Manda, uliko uwanja wa ndege. Njiani hatukusema mengi. Miaka ya masomo aliyoikosa sikuwa na uwezo wa kumrudishia.

Basi, msomaji, ujiandaapo kwa safari, hesabu nguo zako, na uhesabu pia wale uliowadhulumu. Usiwaombe radhi ya jumla. Litaje kosa kwa jina lake, tena mapema, usingoje siku ya safari kama nilivyongoja mimi.