Hamburg kwa Bei ya Mabati Kumi

Mimi ni mtu wa Magoma, wilayani Korogwe, na marehemu baba yangu alikata mkonge katika shamba la hapo kwetu tangu ujana wake. Mwezi wa Julai nilijaaliwa kuhudhuria mafunzo ya wiki mbili nchini Ujerumani. Posho niliyoibana huko ilikwisha kuwa na mwenyewe: ilikuwa fedha ya mabati ya nyumba ya mama, ambaye wakati wa masika huhamisha mswala wake kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine akikimbia matone. Ndege yangu ya kurudi ilikuwa iondoke Hamburg, siku tatu baada ya mafunzo kwisha. Nilipompigia mama simu kumtaka ushauri, alisema, "Mwanangu, Mungu amekufikisha, nenda ukaone. Ila ukumbuke kuwa mvua haimngoji mtu."

Basi nikajiwekea mpaka. Bati moja kwetu lilikuwa kama shilingi 30,000, yaani takriban euro 10. Nikajiruhusu mabati kumi kwa siku zote tatu, na kila nilipotia mkono mfukoni nilihesabu kwa mabati.

Hamburg haikuwa jina geni kwangu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche hiyo ilipitia Hamburg, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, nayo ikazaa mashamba yaliyoufunika mkoa wa Tanga na kuwavuta vibarua kutoka Kigoma, Burundi na Msumbiji, wale walioitwa manamba. Nilitaka kuuona mji ambao mkonge uliupitia kabla ya kufika kwetu.

Kitanda katika chumba cha wanaume wanane kilinigharimu mabati matatu kwa usiku mmoja. Nilijitandikia shuka mwenyewe, nikafungia shanta langu kabatini, na asubuhi nikatoka kwa miguu. Maji ya bomba ya mji ule hunyweka, hivyo chupa moja ilinitosha kwa kunywa na kwa udhu. Chakula changu cha mchana kilikuwa mkate, jibini na tende.

Nilianzia Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu yanayosimama kando ya mifereji ya maji. Uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Humo yalihifadhiwa kahawa, chai, viungo na mazulia kutoka ng'ambo. Ukivuka daraja unaingia HafenCity, mji mpya wa vioo uliojengwa juu ya bandari ya zamani. Hapo upo uwanja wenye jina la Dar es Salaam, kwa kuwa miji hii miwili ilifunga udugu mwaka 2010. Juu ya ghala moja kuukuu limejengwa jumba la muziki, Elbphilharmonie, lililofunguliwa mwaka 2017. Kupanda hadi kwenye roshani yake hakukunigharimu hata senti. Kutoka huko niliiona bandari yote, nikawaza mizigo iliyoshuka hapo. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, ikapeleka mali Tanga, na meli zikaipeleka Ulaya. Baba hakupata kuziona meli hizo, lakini mgongo wake uliupinda mzigo wa aina hiyo.

Mchana nilipanda feri ya mtoni kwa tiketi ileile ya siku inayotumika katika mabasi na treni. Kwa sadfa, feri hiyo ni namba 62. Jioni nilivuka Mto Elbe kwa miguu, chini ya maji, kupitia njia iliyofunguliwa mwaka 1911, ambayo mtembea kwa miguu halipi kitu.

Siku ya Ijumaa nilikwenda msikiti wa mtaa wa St. Georg, usio mbali na stesheni kuu, ambao minara yake imepakwa rangi ya kijani na nyeupe. Msafiri ana ruhusa yake katika sala, lakini nilitamani kukaa safuni na watu. Khutba sikuielewa isipokuwa aya za Qur'ani. Baada ya sala mzee wa Kituruki aliliona shanta langu, akanishika mkono na kuniketisha kwenye chai na supu. Nilipotoa pochi alikunja uso. Hicho ndicho chakula pekee cha moto nilichokula Hamburg, na hesabu yake haimo katika mabati.

Siku ya mwisho nilikwenda makaburi ya Ohlsdorf, bustani kubwa isiyo na kiingilio. Huko amezikwa Bibi Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, aliyeondoka kisiwani mwaka 1866, akabadili dini na jina, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na akafiwa na mumewe mwaka 1870 akiwa na watoto wadogo. Alirudi Zanzibar mara mbili, wala ndugu zake watawala hawakukubali kumpokea. Alifariki mwaka 1924. Inasimuliwa kuwa alizikwa pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya kwao.

Nilipofunga hesabu, vitanda vilikula mabati sita, nauli mawili, chakula bati moja na nusu. Nusu iliyobaki ikawa chokoleti za wajukuu wa mama. Mengine yote yalifika Magoma salama na yakapigwa kabla ya vuli.

Nilimsimulia mama habari za minara, za feri na za miche 62. Alisikiliza huku akimenya mihogo. Nilipofika kwa Bibi Salme aliweka kisu chini, akauliza, "Alirudi, wasimfungulie mlango?" Nikamjibu ndivyo. Akanyamaza kitambo, kisha akainua macho kulitazama paa jipya, akasema, "Mwenyezi Mungu asitujaalie nyumba isiyompokea mtoto wake."

Nikaitikia amin.