Kichwa bila Habari

Likizo ndefu iliyopita nilishuka Igawa, nikachukua bodaboda mpaka Rujewa nikiwa na begi moja na sapu moja. Begi mama alilipokea. Sapu sikumwambia.

Swali lililoniangusha: eleza kwa nini uchumi wa Tanzania uliyumba miaka ya 1970. Wadau, nililijua! Desa langu lilikuwa na vichwa vinne vya herufi kubwa: ukame, bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya, Vita vya Kagera. Niliviandika vyote, hata mistari nikapiga. Chini ya kila kichwa nikabaki natazama dari.

Nyumbani ndiyo nikafungua kitabu chenyewe. Kumbe ukame ulitulazimisha kununua nafaka nje kwa fedha za kigeni zilezile zilizotakiwa kununua mafuta, ambayo nayo yalipanda bei kuanzia 1973. Desa lilikata hicho kiungo. Tangu sekondari, kwenye ufahamu, tunaambiwa tusome kwanza ndipo tupendekeze kichwa kisichozidi maneno matano. Chuoni tunaishia kwenye hayo matano.

Rafiki yangu anayesomea ualimu alinisimulia jaribio la Bransford na Johnson, Marekani, 1972. Watu walisomewa maelezo ya kufua nguo, neno kufua halitajwi. Waliopewa kichwa kabla walielewa na kukumbuka zaidi. Waliopewa baadaye hakikuwasaidia.

Nikamjaribu mdogo wangu wa kidato cha nne. “Andaa eneo dogo. Subiri wiki tatu hivi. Ng'oa vyote, peleka eneo kubwa ulilolisawazisha, la sivyo vingine vitazama, vingine vitakauka. Mwishoni weka mtu wa kupiga kelele.”

Alikumbuka kelele tu.

“Si mpunga huo?” mama akadakia, ungo mkononi.

Dogo, aliyeamia ndege tangu darasa la pili, akajishika kichwa. Nikamwambia arudie. Bado kelele tu! Mama akayataja yote, kuanzia kitaluni, akaongeza na palizi niliyoisahau. Yeye kichwa alikipata mapema, na mpunga wenyewe amekuwa nao miguuni miaka yote.

“Na wewe unakesha na nini, likizo gani hiyo?” akaniuliza.

“Sapu, mama.”

Akaendelea kupepeta. Nikajua ananihesabia magunia aliyouza.

“Walikuuliza nini?”

Nikaanza na ukame. Kila nikiruka hatua ananirudisha: “Halafu?” Tulipofika Kagera, wali ulikuwa umepoa.