Keramu, vanishi na vumbi la Isiolo

Haya wadau, leo tuiache Java kidogo tuzungumze vanishi. Ndiyo, vanishi ya mbao!

Kwa miezi kadhaa naandika mchezo wa keramu wa simu. Ndani yake msuguano ulikuwa namba moja tu kwa ubao mzima: kete inateleza, mwendo unapungua, inasimama. Hesabu safi. Tatizo ni kwamba ubao wa kweli hauko hivyo. Kuna mzee hapa Isiolo mjini ambaye ubao wake huchezwa kwa shilingi 20 kila mchezo. Katikati bado ni laini, lakini kwenye mistari minne ya kupigia, pale straika inapowekwa na vidole vinaposugua kutwa, vanishi imekwisha na wino wa mstari umeanza kufutika. Msuguano ukiongezeka kwa robo, kete iliyokuwa ifike sentimita 60 inasimama kwenye 48. Hizo 12 ndizo malkia, na malkia ndiye ugomvi. Nimeona watu wazima wenye ndevu wakinuniana kwa ajili hiyo, na vijana wameanza kuhamia meza ya pool iliyo upande wa pili wa barabara.

Kinachonishangaza ni wepesi wa vyombo vyenyewe. Kwa sheria za kimataifa straika haizidi gramu 15. Linganisheni na pinboli, zile mashine za Wamarekani: mpira wake ni chuma wa gramu 80 hivi, na unarukaruka. Walipaka laka kwa miaka mingi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Williams wa Chicago wakahamia poliurethani ngumu waliyoiita Diamondplate. Hata hiyo chuma huiachia vishimo. Sasa sisi wa gramu 15 tunaliwa ubao na nini?

Vumbi. Anayeujua upepo wa Isiolo hahitaji maelezo. Unga halisi wa keramu ni asidi ya boriki, chembe zake ni bapa na laini, zinatelezeana. (Ndiyo ile ile dawa ya mende, kwa hiyo nawaomba mnawe kabla ya kushika mandazi.) Chembe za mchanga ni ngumu kuliko vanishi yoyote. Ukichanganya viwili hivyo umepata msasa, na kila pigo linasaga.

Dawa ya wengi ni kupaka nene. Sikubaliani kabisa. Fundi aliyeupaka ubao huu mara ya mwisho aliupaka mchana, juani, koti moja zito. Ukang'aa kama kioo, mzee akafurahi. Lakini kwa joto lile ngozi ya juu hukauka upesi na kufungia thina chini, vanishi ikabaki laini ndani na viputo juu. Siku ya tatu watu wanacheza, straika ikachora alama za nusu mwezi kila mahali. Kung'aa si ugumu, jamani.

Mimi ningepaka makoti manne membamba ya laka, jioni upepo ukitulia, msasa laini kati ya koti na koti, kisha ubao ulale wiki nzima bila kuguswa. Klia ya magari yenye hadena ni ngumu zaidi, ila mvuke wake hauzuiwi na kitambaa cha puani, inataka barakoa ya kweli.

Nilipomweleza mzee akanitazama. "Kijana wangu, hiyo wiki nzima nitakula nini?"

Sikuwa na jibu la programu kwa hilo. Tumepatana hivi: ubao ufunikwe leso usipochezwa, unga uchekechwe, na upanguswe kwa kitambaa kikavu kabla ya kila mchezo. Vanishi itasubiri mpaka Idi ipite, maana usiku wa Ramadhani watu hucheza mpaka daku, na hapo ndipo anapopata chochote.