Saa ya Kaka Kwenye Jaruba

Mimi ni kijana wa Mchombe, Bonde la Kilombero, mahali ambapo ukimwuliza mtu saa ngapi, kwanza hutazama jua, kisha kivuli cha mwembe, na mwisho kabisa ndiyo anatoa simu mfukoni. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja, yakanirudisha shambani. Sikulia sana. Chini ya kitanda nina madaftari saba ya riwaya ambayo haijaisha, nikajiambia kwamba Mungu kaninyima cheti ili anipe wasaa wa kuandika. Ndivyo tunavyojiliwaza sisi tuliofeli.

Katika riwaya hiyo yumo tajiri wa Dar es Salaam anayevaa saa ya Uswisi. Nilikuwa nimekwisha mwandika kurasa arobaini bila kujua saa ya Uswisi ina uzito gani. Basi Desemba moja kaka yangu akaja likizo kutoka Muscat, anakofanya kazi ya udereva, na mkononi anayo hiyo hiyo. Alipewa na tajiri wake kwa utumishi wa miaka mingi. Huko Oman mambo hayo si mageni. Hata Sultan Qaboos, aliyefariki mwaka 2020, alijulikana kwa kuwazawadia watu saa za Uswisi zenye nembo ya jambia usoni. Ya kaka haikuwa na jambia, lakini ilikuwa saa kweli kweli: mashine tupu, haina betri, inajijaza yenyewe kadiri mkono unavyotembea. Jina la kampuni silitaji, maana kosa ninalolisimulia hapa ni langu.

Kaka hakutaka kuivaa maisha yake yote. Alikuwa amempata mnunuzi Dar, mtu wa biashara, aliyeahidi kuja Julai na fedha taslimu. Kilichompendeza mnunuzi ni ile kadi. Saa ilikuwa na dhamana ya miaka mitano, miwili imepita, mitatu imebaki. Kwa fedha hizo kaka alitaka kununua pawatila, mama aache kuzunguka kila msimu akiomba trekta la watu. Likizo ilipoisha akanikabidhi saa, kadi na kijitabu chake ndani ya boksi. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii," akasema. "Akija, mwonyeshe. Mpaka hapo isiguswe."

Nilikaa nayo wiki sita bila kuigusa. Wiki ya saba nikajidanganya. Nikasema mwandishi gani huyu asiyejua mhusika wake anavyojisikia? Nikaivaa asubuhi moja ya Februari. Ilikuwa imelala, mishale imesimama. Nikaitikisa, ikaamka. Nikafungua kile kifundo cha pembeni, kinafunguliwa kwa kuzungushwa kama mfuniko wa chupa, nikakivuta nikarekebisha mishale. Kwanza niliiweka kwa saa za Muscat alivyokuwa akiiweka kaka, kisha nikairudisha nyuma saa moja, kwa kuwa wenzetu wako mbele yetu kwa saa moja. Nikakisukuma kifundo ndani. Kukizungusha kikaze, sikukizungusha. Kisha nikaenda kupandikiza mpunga, mkono umeingia kwenye maji ya jaruba mpaka kiwiko, nami najiona tajiri wa ukurasa wa arobaini.

Jioni kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani.

Kila mtu Kilombero anajua dawa ya simu iliyolowa: ifukie kwenye mchele. Na mchele kwetu si wa kutafuta. Nikaifukia. Asubuhi ukungu haupo, nikashukuru. Jua lilipopanda ukarudi. Siku ya tatu nikapanda gari la asubuhi kwenda Ifakara. Mama nikamwambia naenda kununua kalamu.

Fundi niliyeelekezwa ni mzee mwenye meza ndogo barazani, ana kioo cha kukuzia anachokibana jichoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba mwanangu," macho yako kwenye saa. Hakuigeuza hata mara moja. "Kadi yake unayo?" Nikampa na kijitabu. "Nisomee hapo kwenye waranti. Kizungu changu ni cha bisibisi."

Nikamsomea pale barazani, pikipiki zinapita. Msomaji, kama nawe una ndoto ya kuvaa kitu kama hicho, yashike haya. Dhamana ya saa inamfunga mtengenezaji kwa makosa ya kiwandani tu: kipande kibovu, ukungaji mbovu. Saa ikishindwa kutembea sawasawa kwa sababu hiyo, wanatengeneza bure. Haihusu saa iliyopotea wala iliyoibwa. Haihusu kuchakaa kwa kawaida, kioo kilichogongwa, mkanda uliokatika, wala uharibifu uliotokana na uzembe wa mwenyewe. Kadi lazima iwe na tarehe na ijazwe na muuzaji aliyeidhinishwa. Tena, mtu asiyeidhinishwa akiifungua, dhamana inakufa. Rolex, kwa mfano, hutoa miaka 5 kwa saa zilizouzwa tangu Julai 2015, na ukiwapelekea sevisi wanakupa miaka 2 juu ya kazi yao. (Nasema ile ya Uswisi. Ukienda Kampala ukaagiza rolex utaletewa chapati iliyoviringishiwa mayai, na ile haina waranti.)

"Lakini mzee," nikasema, "si imeandikwa haiingizi maji?"

Akacheka kidogo. Akaniambia kuzuia maji ni kazi ya vimpira vidogo na kile kifundo, na kifundo kinazuia pale tu kinapokazwa. Baadaye nilisoma kuhusu Mercedes Gleitze, binti wa Kiingereza aliyeingia kuogelea mlango wa bahari wa Uingereza na Ufaransa Oktoba 1927 akiwa na saa ya Rolex ameitundika shingoni. Alikaa majini saa nyingi na saa ikatoka nzima. Lakini kifundo cha ile kilikuwa kimekazwa.

Kisha mzee akaeleza kwa nini hata saa isiyoingia maji inahitaji sevisi. Ndani mna vipande zaidi ya mia. Gurudumu la mizani la saa nyingi za siku hizi linapiga mara 8 kwa sekunde. Nilipiga hesabu kwenye basi wakati wa kurudi: ni mapigo 691,200 kwa siku, usiku na mchana, Krismasi na Idi. Vipande hivyo vinaegemea mawe madogo mekundu na tone la oili lisilozidi ncha ya sindano. Oili ikikauka, chuma kinakula chuma, nawe huoni, maana saa bado inatembea. Ndiyo maana wenye kampuni wanashauri ifumuliwe yote, isafishwe, itiwe oili, ibadilishwe vimpira na kupimwa maji, wengine kila miaka mitano hadi minane, wengine karibu kila miaka kumi. Kazi hiyo wanakulipisha. Waranti haiihesabu.

"Sasa sikiliza," akasema. "Maji ya jaruba yana tope. Nikifungua leo nakausha, labda kutu haijafika mbali. Ila nikifungua tu, waranti imekwisha. Nisipofungua, waranti ipo kwenye karatasi, na kutu ipo kwenye saa. Kwa maji haya hawatakulipa, maana kifundo ulikiacha wazi. Saa ni yako?"

Nikataka kusema ndiyo. Nakiri, neno lilikuwa mdomoni. Lingetoka, angefungua, angefunga, ningerudisha kwenye boksi, na Julai ningemkabidhi mnunuzi kadi yenye miaka mitatu ya uongo. Nani angejua?

"Ya kaka," nikasema.

"Basi mpigie kaka."

Nikampigia. Nikaanza na "Shikamoo kaka", nikamaliza na kila kitu, pamoja na ile habari ya mhusika wa riwaya, ambayo kwenye simu ilisikika upumbavu mtupu. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekata. Hakutukana. Aliuliza tu, "Mama anajua?" Nikasema hapana. "Mwambie fundi afungue. Halafu mwambie mama."

Mzee akafungua. Maji yalikuwa yamekwisha kuweka doa la kahawia kwenye kijiti cha kifundo, ndani zaidi kulikuwa bado. Alikausha, akasafisha, akabadilisha kimpira, kazi ya siku mbili. Aliponirudishia, alinipa pia karatasi: tarehe, alichokikuta, alichokifanya, na sahihi yake. "Hii iweke pamoja na kadi," akasema. "Na mashine ya kupimia maji sina. Kuanzia leo hii ni saa ya nchi kavu."

Mama nilimweleza usiku ule ule. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. "Kwa hiyo pawatila ndiyo hivyo," akasema. Sijawahi kuchapwa na fimbo iliyouma kama sentensi ile.

Julai mnunuzi alikuja. Nilimpa kadi, na juu ya kadi nikaweka karatasi ya fundi. Akaisoma, akanitazama, akasema nusu ya bei. Kaka akakataa kwa simu; nusu ya pawatila hailimi. Msimu uliofuata tulikodi trekta kama kawaida, na fungu langu la mpunga ndilo lililolipia. La msimu huu pia nimelitoa.

Zile kurasa arobaini za tajiri nimezichana. Nimeanza upya, na safari hii saa anaivaa dereva.

Saa yenyewe bado ninayo. Nilidhani kaka angeniambia nimpe mtu mwingine aitunze, lakini alisema, "Ivae, isije ikalala. Nchi kavu tu. Na kifundo usikiguse, nitakuja kukirekebisha mwenyewe." Kabla ya kuifunga, fundi alikuwa ameiweka kwa saa za Muscat, kaka alivyotaka. Kwa hiyo mama akiniuliza jioni saa ngapi, natazama mshale uko kwenye saba, naondoa moja ya Muscat, naondoa sita za Kizungu.

"Saa kumi na mbili, mama," namjibu, na kifundo sikigusi.