Gari la umeme: Fungueni daftari kabla ya kufungua pochi

Kwa familia nyingi, hesabu ya gari la umeme huishia kwenye sentensi moja: halinywi mafuta. Mume na mke mmoja wa Mbezi, Dar es Salaam, nusura waishie hapo pia.

Mume alikuwa ameona Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani. Wakiuza gari lao la petroli, wangehitaji kuongeza Sh4 milioni. Pesa pekee iliyokuwapo ni ada ya mtoto wao wa kwanza, anayeanza kidato cha kwanza bweni Januari.

"Baba watoto, tukae na daftari kwanza," alisema mke.

Walianza na mafuta. Kazini, shuleni na kurudi ni kilomita 40 kwa siku, takribani 1,000 kwa mwezi. Kwa foleni za Barabara ya Morogoro, gari lao huenda kilomita 10 kwa lita. Hizo ni lita 100. Petroli ikiwa Sh3,000, ni Sh300,000.

Kwa umeme, gari la aina ile huenda takribani kilomita sita kwa uniti moja. Ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ni kama uniti 190 kwa mwezi. Kwa Sh356 kwa uniti, ni karibu Sh68,000.

Mume alitabasamu. Mke akafungua ujumbe wa Luku kwenye simu. Nyumba yao hutumia uniti 70 kwa mwezi, hivyo wamo katika kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75, wanaolipa kama Sh122 kwa uniti. Gari likichajiwa kwenye mita hiyo, watatoka kwenye kundi hilo, na hata taa na friji zitalipiwa Sh356. Hapo zinaongezeka zaidi ya Sh16,000 kila mwezi.

Bado walibaki na akiba ya karibu Sh216,000, na hakuna oili ya injini ya kubadilisha. Lakini Sh4 milioni zingerudi baada ya miezi 18 au 19.

"Na Januari haitusubiri," mke alisema.

Kisha likaja suala la betri. Ya Leaf haipozwi kwa maji, na joto huichosha. Kwenye dashibodi kuna pau 12 zinazoonyesha afya yake. Kadiri zinavyopungua, ndivyo umbali unavyofupika. Gari lenye rangi inayong'aa linaweza kuwa na betri iliyochoka, na kuibadilisha ni gharama ya mamilioni. Wakakubaliana kwamba nusu ya akiba ya kila mwezi itakuwa ya betri, kwenye akaunti isiyoguswa.

Yalibaki ya nyumbani. Fundi umeme akague nyaya na ethi, kwa sababu soketi ya ukutani itabeba mzigo mzito kwa saa kadhaa kila usiku. Umeme ukikatika, wawe wamechaji tangu jana yake. Desemba, kwenda Moshi kwa bibi ni zaidi ya kilomita 500, hivyo watapanda basi. Kwa wapangaji wanaochangia Luku moja, kuna jambo la kutangulia yote hayo: kuzungumza na mwenye nyumba na majirani, maana uniti 190 zitazua ugomvi uani.

Uamuzi wao ulikuwa huu: ada iende shuleni. Gari lisubiri hadi wajazie pengo kwa pesa nyingine, na siku ya kununua waangalie pau za betri kabla ya rangi. Mume hakufurahi sana, ila daftari lilikuwa na mwandiko wake pia.

Mzazi anayefikiria gari la namna hiyo anaweza kuanza leo na vitu viwili: risiti za mafuta za mwezi mmoja na ujumbe wa Luku wa mwezi huohuo.