Aliyeumwa na Nyoka

Wazee walinena: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi wa Bunia twaijua maana yake. Mwezi wa Mei 2003, mji wetu ulipopiganiwa, wengi walifunzwa hofu kwa siku chache tu, wala hofu hiyo haikuondoka pamoja na wenye bunduki.

Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Kila bati lilipoangushwa sokoni, yeye alisikia bunduki; akakimbilia nyumbani, moyo ukatulia. Mwishowe hakwenda sokoni kabisa. Jamaa wakanong'ona kwamba amelogwa.

Mshauri wa afya ya akili alitueleza vingine. Mrusi Pavlov alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia sauti fulani kabla ya kupewa chakula, hatimaye hudondosha mate kwa sauti peke yake. Vivyo hivyo, sauti na hatari zikiisha kufungamana, mwili hutetemeka kabla akili haijauliza. Na kule kukimbia, kwa kuwa huleta nafuu, huifundisha hofu kurudi kesho.

Lakini lililofunzwa laweza kufunzwa upya. Mwaka 1924, huko Marekani, Mary Cover Jones alieleza jinsi mtoto aliyeogopa sungura alivyosaidiwa: mnyama alisogezwa karibu kidogo kidogo, huku mtoto akila chakula akipendacho.

Nasi tukafuata njia hiyo. Juma la kwanza Mama alifika njia kuu tu, akashikwa mkono, akangoja hapo hata moyo upoe; hakurudi mbio. Kisha alifika mwanzo wa soko. Kisha penye wauza samaki wa Ziwa Albert. Kila hatua tulimsifu. Siku aliponunua samaki mwenyewe, nyumba nzima ilikula kwa furaha.

Msaada huu hautaki daktari mkubwa daima. Huko Kivu, utafiti uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanawake waliodhulumiwa walipata nafuu kubwa katika vikundi vilivyoongozwa na wasaidizi Wakongomani waliofunzwa, wasio madaktari.

Hata hivyo, mtu asisukumwe penye hatari ya kweli. Katika Ituri yetu, ambako vijiji vingali vikishambuliwa, hofu nyingine ni mlinzi mwema. Wala aliyeteswa asilazimishwe; hatua na aichague mwenyewe, pamoja na mshauri wake.

Basi, msomaji, ukiwa na ndugu ajifungiaye nyumbani, usimwite mwoga, wala usiseme amelogwa. Mtafutie mshauri, kisha mshike mkono, mwende hatua moja.